Mguu wa Mtani

Sista Gerda amefariki kwao Ujerumani, na habari zimetufikia kwa simu, kwenye kundi la parokia, kati ya tangazo la harusi na picha ya mbuzi anayeuzwa. Paroko akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kusomwa kwenye misa ya kumwombea, kwa kuwa kati ya waliobaki hapa Mikumi mimi ndiye niliyekaa naye karibu kuliko wote. Niliandika. Nilisema alikuwa mchapakazi, aliwapenda wagonjwa, na Kiswahili chake alijifunza kwa wauza nyanya. Yote ni kweli, na watu walisikiliza vizuri, ila mimi nilikaa kwenye benchi la tatu nikijua kwamba mwaka ninaoukumbuka zaidi haumo kwenye ukurasa ule. Sikuuweka kwa sababu ungenianika mimi, siyo yeye. Sasa nina miaka sitini na minne, magoti yanalalamika, na wale ambao wangeweza kunisuta karibu wote wametangulia. Basi nauandika hapa, bila paroko kunisahihisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko akili yangu. Hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa kati ya Kilosa na Mikumi, ambayo majengo yake siku hizi ni ghala la mahindi, ilikuwa imepata daktari mpya kutoka Uholanzi, kijana mrefu aliyeitwa Dokta Wim. Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "wapi inauma". Mimi niliajiriwa niwe mdomo wake. Nikapewa chumba nyuma ya jiko la masista: kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha la wavu lililotazama baraza ambapo daktari na Sista Gerda, muuguzi wa wodi, walikuwa wakila. Mimi nilikula jikoni ugali na mlenda, Jumapili wali. Wao walikula barazani viazi na mchicha, pamoja na mkate mweusi mzito aliouoka Sista mwenyewe na ambao, Mungu anisamehe, sikuwahi kuumaliza. Daktari alisema Kiholanzi, Sista akajibu Kijerumani, na wakaelewana kama majirani wanaoongea kila mmoja upande wake wa ua. Hawakunificha kitu kwa sababu hawakudhani nina masikio ya lugha zile. Nami nilitega sikio kila mlo, nikiandika maneno kwenye daftari, nikijiona msomi.

Neno moja nililishika mapema. Daktari alisema amputeren, Sista akasema amputieren, na wote wawili waliacha kutafuna kabla ya kulitamka. Siku moja au mbili baadaye, mtu wodini alikuwa amepoteza kidole, au mkono, au mguu. Wagonjwa nao walikuwa wameligundua. Katika wodi ya wanaume alilala Jumanne, utingo wa lori la miwa kutoka Kidodi, aliyevunjika paja na kuning'inizwa mguu kwa kamba na mawe kwa miezi mitatu. Hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza daktari anapopita, na kila mgonjwa mpya alimpa somo. "Wakitaja amputa mbele ya kitanda chako," alisema, "aga viatu." Wodi nzima ilicheka, isipokuwa yule aliyekuwa akisubiri.

Alasiri moja nilimshikia Sista kapu akipogoa milimau nyuma ya kanisa, nikapata ujasiri wa kumuuliza. Alishangaa kidogo kwamba nimelisikia, kisha akanieleza kwamba ni neno la Kilatini, ndiyo maana wao wawili wanalo, na kwamba wakulima wa kale walilitumia kwa kazi hii hii aliyokuwa akiifanya. Unakata ili kinachobaki kiishi, alisema, na tawi likaanguka kwenye kapu langu. Nililipenda neno lile kwa maelezo yale. Nikilifikiria leo naona aibu, kwa kuwa mlimau ukipogolewa unachipua, na mimi sikukaa chini nikaifikisha fikra yangu mpaka kwenye mguu wa binadamu.

Mzee Ramadhani aliletwa mwishoni mwa masika, kwenye baiskeli ya mdogo wake Athumani, kutoka Mvumi. Alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga, Msagara wa pale pale tangu babu zake. Alijikata unyayo kwa panga akisafisha shamba, akakaa wiki tatu akiufunga kwa majani, na alipofika kwetu vidole vilikuwa vyeusi na harufu ilimtangulia mlangoni. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila. Niliposema Mnyamwezi alicheka mpaka akajisahau na kuukanyagia ule mguu. Akaiambia wodi kwamba mababu zangu walipita kwao na mizigo kichwani, wana njaa, wakapewa mlenda wakakataa kuondoka, na ndiyo maana leo kuna binti wa Kinyamwezi anayejifanya mzungu. Alikuwa akisubiri nijibu. Nilitabasamu tu, nikainamisha macho. Akanitazama kama mtu aliyerusha mpira ukaachwa udondoke.

Kwa vijana wasiojua, sisi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo nawe ukacheka. Na msiba ukiingia, mtani ndiye anayefanya kazi ambayo wenye machozi hawaiwezi: anasema yasiyosemeka, anamwiga marehemu alivyotembea, anavaa nguo zake, anachukua vitu vyake mpaka wenyewe wavikomboe kwa kuku au kitenge. Hayo niliyajua. Ila nilikuwa nimesoma, nilivaa gauni jeupe la hospitali, na niliona mambo ya utani ni ya vilabuni na matangani, siyo ya wodini.

Siku ya tatu daktari na Sista walisimama miguuni pa kitanda chake. Neno likasemwa, mara moja na huyu, mara moja na yule. Nilimwona Jumanne, kitanda cha pili, akigeuza uso na kumtazama mzee, na nilimkazia macho mpaka akafumba mdomo wake. Daktari aliniambia kwa Kiingereza taratibu, ili nisikosee: mguu umeoza, sumu inapanda, kesho asubuhi wataukata chini ya goti, asipokubali atakufa. Nimweleze yote, kisha abonyeze dole gumba kwenye fomu. Mzee Ramadhani alikuwa akinitazama usoni. Alikuwa na umri wa babu yangu. Kwetu hata mtoto akifa hatusemi amekufa, tunaanza na habari za safari na mvua mpaka msikiaji agundue mwenyewe. Na mimi nilitakiwa nimwangalie mtu niliyempa shikamoo asubuhi ile na kumwambia utakatwa mguu. Nikasema, "Mzee, daktari anasema hapa pameharibika. Kesho watakulaza usingizi, waondoe kilichooza, ili mwili upate nafuu." Akauliza kama watasafisha kidonda. Nikasema, "Ndiyo, watasafisha." Akabonyeza dole.

Sista, ambaye Kiswahili chake hakikufika mbali lakini hakikuwa cha kijinga, alinishika kiwiko pale mlangoni na kuniuliza kama nimesema kukata. Nilimjibu ndiyo. Huo ndio uongo ambao sikuuweka kwenye ukurasa wa paroko.

Kesho yake walimwingiza chumba cha upasuaji saa nne. Athumani alikaa barazani na kibuyu cha uji wa kaka yake, mtu mpole, hasemi sana. Saa nane nilipita, akaniita, akaniuliza kwa adabu kama watapewa hicho kitakachoondolewa, maana kwao nyama ya mtu, hata kipande, lazima izikwe, haitupwi. Vitu vilivyotoka chumba cha upasuaji vilichomwa kwenye tanuri la taka nyuma ya jengo, na tanuri liliwashwa saa nane hiyo hiyo. Kama ningesema ukweli jana yake, wangeomba wenyewe, na Sista angewapa. Alikuwa akiwapa wote walioomba. Nilikimbia. Moshi ulikuwa umeanza. Ndoo yenye kifuniko ilikuwa pembeni ya mlango wa tanuri, na mzee wa kuchoma taka alikuwa tayari ameinama kuishika mpini. Nikamwambia Sista anaihitaji, uongo wangu wa pili ndani ya siku mbili. Niliibeba kwa mikono miwili. Mguu wa mtu ni mzito, nilikuwa sijui.

Nilimfunulia Athumani kifuniko. Alitazama ndani. Alitegemea kuona vipande, akaona vidole vitano. Aliuliza kama kaka yake anajua, nikasema hajui. Hakunipigia kelele. Alivua shuka yake, akauvisha mguu ule polepole, akaufunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kamba ya mpira, na akasema anawahi kuuzika Mvumi kabla jua halijazama. Kisha akaniambia nikae karibu na kitanda, maana kaka yake atakapoamka mimi ndiye ninayetakiwa kuwa hapo.

Nilikaa. Alipoamka aliomba maji, akanywa, akasema mguu unamwasha. Akainama kuukuna. Mkono wake ulipapasa shuka, ukarudi, ukapapasa tena pale pale.

"Mguu wangu uko wapi?"

"Athumani ameenda kuuzika."

Nilianza kumweleza kwamba angekufa, kwamba nilimwonea huruma, kwamba yeye ni mzee wangu, nikajitetea kama mtoto aliyevunja mtungi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mwanangu angenizunguka hivyo ningemwelewa," alisema. "Angeogopa. Wewe ni mtani. Wewe peke yako humu ndani ulikuwa na ruhusa ya kuniambia."

Akageukia ukutani. Asubuhi iliyofuata nilimpa shikamoo, hakuitikia. Na iliyofuata. Anayeishi huku anajua uzito wa shikamoo iliyoachwa ikining'inia mbele ya vitanda kumi na viwili. Sista alipata habari kutoka kwa Jumanne siku ile ile ya upasuaji. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda changu cha chuma, akasema tu, "Nilikuuliza." Nilisubiri anifukuze. Badala yake alinipangia kumshikia beseni kila asubuhi akisafisha kigutu cha mzee, na kwa wiki mbili nilisimama pale, nusu hatua kutoka kwenye kile nilichokificha, nikipokea pamba chafu. Sikuwahi kujua kama ilikuwa adhabu au shule. Nilimchukia sana wiki ya kwanza. Ya pili nilianza kuona kwamba alikuwa akinilinda nisikimbie, na nilitaka kweli kukimbia, nilikuwa nimeshafunga nguo zangu mara mbili.

Wiki ya tatu kigutu kilivimba. Homa ikapanda, na ile harufu tuliyodhani tumeizika Mvumi ikarudi. Daktari alibonyeza ngozi juu ya goti, akatazamana na Sista. Neno likasemwa tena. Safari hii Sista, kabla ya kumtazama mgonjwa, alinitazama mimi.

Nilisema. Nilisema kila kitu, neno kwa neno: kwamba kuoza kumepanda, kwamba wanataka kukata tena, juu ya goti, kwamba wasipokata ndani ya siku mbili atakufa. Sauti yangu ilikuwa safi kama ya mtangazaji. Mzee Ramadhani alinisikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile.

"Mara ya kwanza ulisema watasafisha, wakakata," alisema. "Leo unasema watakata, la sivyo nife. Mdomo ni ule ule. Nitajuaje?"

Nilimtafsiria daktari. Akaniambia nijaribu tena kwa maneno mengine. Hakukuwa na maneno mengine. Sista akajaribu kwa Kiswahili chake, mzee akamshukuru kwa heshima na kufumba macho. Baadaye Jumanne aliniambia alichokuwa mzee akiwaambia wenzake: kwamba hawa wameonja kukata, leo goti, kesho nyonga, na kwamba bora akafie nyumbani akiwa na kilichobaki. Daktari alikataa kumkata bila ridhaa, na hapo alikuwa sahihi. Kwa hiyo uhai wa mtu ulikuwa umesimama mahali pamoja tu, kwenye kuaminiwa kwangu, na kuaminiwa huko nilikuwa nimekuteketeza mwenyewe. Jioni ile sikula. Niliwasikia barazani, vijiko vinagonga sahani, hakuna anayezungumza lugha yoyote.

Asubuhi nilisikia trekta. Athumani alikuwa amekuja na trela la jirani yake, ametandika majani makavu na godoro, kumrudisha kaka yake Mvumi. Nilipoingia wodini alikuwa amepiga magoti akifunga vyombo kwenye kitambaa: sufuria, kibuyu, kandambili moja. Mzee alikuwa ameketi kitandani, uso umekuwa wa majivu, macho yanang'aa kwa homa. Kofia yake ya kufuma ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Sikupanga. Wakati mwingine watu hunisifu kwamba nilitumia akili, na mimi nawaachia wafikiri hivyo, lakini mkono uliichukua ile kofia kabla kichwa hakijaamua. Nikaivaa.

"Nachukua changu mapema," nikasema, kwa sauti ya wodi nzima kusikia. "Msagara huyu anakufa Ijumaa, na mimi sina nauli ya kwenda Mvumi mara mbili."

Athumani aliinua kichwa. Nikavuta blanketi kutoka kitandani, nikajifunga kiunoni. Nikasema na hili langu, na jembe langu, na lile panga lililomshinda kutumia nalo nitalichukua, nikawafundishe wajukuu zake kulishika. Nikasema mkewe nitamtafutia Mnyamwezi mwenye miguu miwili. Nikachukua gongo lake la kutembelea, alilopewa wiki ya pili, nikatembea nalo katikati ya vitanda nikimwiga jinsi anavyochechemea, nikauliza nani atabeba jeneza upande wa miguuni, maana upande ule kazi imepungua. Hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yananitoka na makamasi yanashuka mpaka mdomoni, na sikuacha, kwa sababu nilijua nikinyamaza nitarudi kuwa yule binti wa shikamoo. Jumanne alijifunika uso kwa mto. Sista alikuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa, haelewi hata kimoja, na hakuingilia.

Athumani ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliacha kufunga, akakaa chini sakafuni, mikono juu ya magoti, namna wanaume wanavyokaa nje ya nyumba yenye msiba. Hakuna mtani anayemfanyia mtu aliye hai matanga yake kwa mchezo. Hilo halifanywi, na mzee alilijua kuliko mimi. Alinitazama nikiwa nimevaa kofia yake, na nikauona uso wake ukibadilika.

"Ni kweli nakufa?"

"Ijumaa. Ukijitahidi, Jumamosi."

"Na wakikata?"

Nikaenda nikakaa kitandani pake. Niliweka kiganja kwenye paja lake, juu ya goti, mahali ambapo msichana wa rika langu hawezi kumgusa mzee. "Wanakata hapa," nikasema. "Goti linaondoka na halirudi. Labda utapona. Daktari mwenyewe hana uhakika, nimemuuliza mara tatu. Athumani atakabidhiwa kipande chote mkononi, hakuna kitakachochomwa."

Alitazama kiganja changu. Nje trekta lilikuwa bado linanguruma, na Athumani alinyanyuka akatoka, tukasikia likizimwa.

"Weka kofia yangu chini, Mnyamwezi," akasema. "Waite."

Niliivua, nikamwekea kifuani, nikaenda kuwaita. Aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo, na kila aliponiona sokoni Kilosa, hata kama yuko na wageni, aliegemeza gongo kwapani kwanza, akaishika kofia yake, nisije nikaichukua tena.